Kidonge Hakina Riwaya

Katika riwaya na tamthilia za Kiswahili nilizosoma shuleni na chuoni, mtu anayeugua akili huota, huhutubia, huzurura, hujiua. Hamezi dawa. Kitaru wa *Mashetani* (1971) ya Ebrahim Hussein anaugua baada ya kucheza na rafiki yake Juma mchezo wa shetani na binadamu, na darasani tulifundishwa kuuliza shetani ni nani: ni ukoloni, ni ubepari, au ni tabaka jipya lililozaliwa baada ya uhuru? Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi anajiua, na mtihani ukatutaka tueleze udhanaishi. Katika *Nagona* na *Mzingile* msomaji hana hakika kama yuko ndotoni, kaburini au ndani ya kichwa cha mtu aliyerukwa na akili, nasi tukajibu kwa istilahi nzitonzito.

Sina ugomvi na majibu hayo. Ni majibu mazuri, na nilipata alama nzuri kwayo. Lakini siku nilipotoka kwenye chumba cha mtihani, ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kipakiti cha vidonge 60 kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: 1 × 2. Kama wasomaji wengi, nilianza kupenda vitabu kwa kutafuta mtu anayefanana nami. Katika miaka yote mitatu ya shahada sikukutana na mhusika hata mmoja ambaye, saa tatu usiku, anakaa kitandani na glasi ya maji mkononi akitazamana na kidonge.

Nina ugonjwa wa bipola. Kwa ufupi, kuna majira akili hupanda: usingizi hutoweka, maneno hukimbizana, fedha hutoka, na mtu hujiona anaweza kuununua mlima. Halafu kuna majira hushuka, na hata kuoga huwa safari. Katikati kuna siku za kawaida, ambazo wengi wetu huzipata kwa msaada wa dawa. Mimi dawa nameza. Nalisema hili mapema ili msomaji asingoje kisa cha mtu aliyeacha, akaanguka, akajuta, akarudi. Ninalotaka kulizungumzia ni gumu zaidi kulisimulia: ule ugumu wa kumeza unaobaki hata kwa anayemeza kila siku, na kwa nini maandishi yetu hayajapata namna ya kuubeba.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Sisi tuliokulia Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, tumelelewa na malaria, na malaria ndiyo iliyotufundisha maana ya dawa. Dawa ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Mhudumu wa zahanati anakukabidhi na kukuonya umalize dozi. Ukimaliza, umepona. Hicho ni kisa kamili, na sarufi yetu inakipenda. Kiambishi -ka- kinakibeba kama mgongo wa mama: akaugua, akapimwa, akameza, akapona. Ngano zote za utotoni zilikuja kwetu zimebebwa hivyo hivyo.

Dawa yangu haibebeki kwa -ka-. Inaishi kwenye hu-. Mimi humeza. Umbo hilo halionyeshi wakati, wala nafsi. Usipotaja mtu, hatujui ni nani. Ni umbo la methali, la misimu ya mvua na la mambo yasiyo na habari mpya. Mwandishi wa riwaya akishaandika "humeza" amemaliza kazi, kwa sababu kesho yake ni vilevile, na mwakani ni vilevile. Riwaya hupenda kitu kinachotokea. Kidonge ni kitu kinachorudiwa ili kitu kisitokee. Nikimeza vizuri kwa mwaka mzima, zawadi yangu ni mwaka usio na cha kusimulia.

Ndiyo maana jirani yetu, mwanamke mwenye upendo ambaye ameniletea fenesi mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu, huniuliza kila nikirudi nyumbani: "Mwanangu, hiyo dozi haijaisha tu?" Swali lake si la umbea. Linatokana na maana ya neno dozi. Dawa isiyoisha, kwa Kiswahili tulichofundishwa na malaria, ni dawa isiyofanya kazi.

Kuna ugonjwa mmoja uliotulazimisha kubuni lugha nyingine. Tangu Tanzania ianze kutoa bure dawa za VVU mwaka 2004, Kiswahili kimezoea kitenzi kufubaza. Kufubaza ni kuondoa makali bila kukiondoa chenyewe, kama rangi ya kitambaa inavyofubaa juani ilhali kitambaa kipo. Neno hilo limefanya kazi kubwa. Limewapa watu ruhusa ya kumeza kila siku bila kuonekana wameshindwa kupona. Fasihi nayo haikulala: William Mkufya aliuingiza UKIMWI katika riwaya nzito, *Ua la Faraja* (2004), na watu wake wakawa watu, si mabango ya kampeni.

Bipola haijapata kitenzi chake. Kinachotumika ni kutuliza, "dawa za kutuliza", na ukikichunguza utaona ni kitenzi cha watu wengine. Anayetulizwa ni yule anayewasumbua wenzake. Mwenye VVU anafubaza virusi, mimi natulizwa. Yeye ni mtendaji, mimi ni mtendwa. Ukitaka kujua kwa nini kidonge kinakwama kooni, anzia kwenye kauli ya kitenzi.

Halafu kuna dawa yenyewe. Ninayomeza sasa ni kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo pia husawazisha hisia. Ni ya bei nafuu na inajulikana, ndiyo maana wengi wetu hupewa hiyo. Lakini anayekiona kipakiti anasema kifafa, na katika mkoa wa Morogoro neno kifafa lina historia. Kule Mahenge, kusini mwa mkoa, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Alikuta watu waliotengwa, waliokuwa wakiogopwa hata kuguswa wanapoanguka motoni, akaanza kuwapa vidonge vya kumeza kila siku. Kitabu chake *Call Mama Doctor* (1979) ni miongoni mwa maandishi machache niyajuayo ambamo Mtanzania wa kijijini anaonekana akitumia dawa ya kichwa kwa muda mrefu. Nakithamini kwa hilo. Hata hivyo, macho ya kitabu ni ya anayetoa. Tunauona mkono unaonyoosha kidonge. Hatuingii kwenye koo linalokipokea, wala kwenye usiku wa siku ya mia tatu.

Koo nilikuja kulipata mbali sana. *An Unquiet Mind* cha Kay Redfield Jamison kilitoka Marekani mwaka 1995, na mimi nilikisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa wiki kadhaa. Jamison ni mwanasaikolojia, bingwa wa ugonjwa uleule anaougua. Alianza kutumia lithiamu mwaka 1974, akiwa mhadhiri kijana huko California. Hakuna aliyehitaji kumweleza dawa hiyo ni nini. John Cade wa Australia alikuwa ameandika kuhusu nguvu yake dhidi ya kilele cha ugonjwa mwaka 1949, na Marekani ilikuwa imeiidhinisha mwaka 1970. Alijua yote hayo, na bado alipigana nayo kwa miaka, akiianza na kuiacha, hadi akafikia kujaribu kujiua.

Sababu zake anazitaja bila haya. Alivipenda vilele vyake. Vilimpa kasi, watu na mawazo. Lithiamu ilimtetemesha, ikamtapisha, na zaidi ya yote ikamnyang'anya kusoma. Macho yalififia, umakini ukakatika, na msomi huyo akaishia kwenye vitabu vifupi na vya watoto. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu, wa kwetu au wa kwao, akisema kwamba dawa inayokuokoa inaweza kukunyang'anya kile unachookolewa kwa ajili yake. Mimi nimesomea fasihi. Nilipoongezewa dawa, ukurasa mmoja ulinidai kuusoma mara tatu, na maneno ya Kiluguru ya bibi yangu, ambayo sikuwahi kuyaandika popote, yakaanza kuchelewa kuja ninapoyaita.

Kwa hiyo nakipenda kitabu hiki, nami nitakisema vibaya kwa haki ya anayekipenda.

Kwanza, nathari yake ina upande. Sura za kilele zinakimbia na kung'aa. Msomaji anazinywa kama togwa ya baridi. Dawa inapoingia, mwendo unabadilika, na mahali pamoja mwandishi anageukia orodha: masharti ya mzaha ya kuipokea lithiamu kwa adabu. Ni kurasa za kuchekesha na za werevu. Lakini ona kilichotokea. Hata mwandishi hodari kiasi hicho, mwenye Kiingereza chote mkononi, alipofika kwenye kidonge alikosa kisa akapata orodha. Naye amekwama kwenye hu- yake.

Pili, kitabu kina umbo la ushuhuda. Wote tuliokulia karibu na kanisa au mkutano wa injili tunalijua: nilikuwa huko, nikaasi, nikaanguka shimoni, leo niko hapa. Katika ushuhuda, uasi ni kituo cha kupita tu. Kukataa dawa kunageuka dhambi ya sura ya tano inayofutwa kwenye sura ya kumi. Jamison mwenyewe ni mwerevu kuliko umbo lake, kwa sababu ametuachia jambo moja kubwa: baadaye dozi ilipopunguzwa, akaweza kusoma tena. Fikiri maana yake. Katika kukataa kwake kulikuwa na taarifa. Mwili ulikuwa unasema dozi imezidi, lakini kwenye faili maneno hayo yalionekana kama ukaidi.

Tatu, kuna mambo yanayouzunguka ugonjwa wake ambayo hayavuki bahari. Alipotumia fedha ovyo katika vilele vyake, kaka yake mchumi aliketi naye kuzipanga bili. Kwetu hakuna bili, kuna ardhi. Na ardhi ya Waluguru kwa desturi ni ya ukoo, lukolo, unaohesabiwa kwa upande wa mama. Katika kilele changu kikubwa niliamua kuuza kipande cha shamba la migomba ili nifungue maktaba ya mlimani. Mnunuzi nilimpata. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu: "Mwanangu, huwezi kuuza kisicho chako." Hakuwa anatibu ugonjwa, alikuwa anaeleza sheria. Ila siku hiyo sheria ya ukoo ilifanya kazi ambayo hakuna kidonge kingeiwahi. Natamani riwaya yenye mjomba huyo.

Nilimsimulia mama kitabu chote cha Jamison kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni, tukimenya maharage. Alisikiliza habari za vilele, za lithiamu, za kutapika. Kisha akauliza swali moja: "Na hiyo dawa alikuwa anamezea nini?" Yaani kwa chakula gani. Sikuwa na jibu. Nimesoma tahakiki kadhaa za kitabu hicho zilizoandikwa na wasomi, na sijaona swali linalofika mbali kama hilo. Dawa nyingi za aina hii zikiingia tumbo tupu hukuvuruga. Mama aliyeamka alfajiri kunipikia uji ili kidonge kipate pa kukaa ni sehemu ya matibabu yangu, na hana jina katika maandishi ya ugonjwa huu.

Hapa sina budi kuingiza historia ya kijiji changu, maana ndiyo iliyonifundisha kusoma ukaidi.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru. Milima ilikuwa inamomonyoka, mito inayoshuka kuelekea Ruvu ilikuwa inabeba udongo, na wataalamu waliamua kwamba tiba ni matuta ya ngazi. Watu wakalazimishwa kuyachimba. Mwaka 1955 hasira ikalipuka hapa hapa Matombo. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kuhusu misukosuko hiyo katika *Smoke in the Hills* (1960).

Kwa macho ya mabwana shamba, wakulima walikuwa wakaidi: wanapewa dawa ya ardhi yao, wanaitema. Lakini wakulima walikuwa na sababu. Katika miteremko yetu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia huo na kuuleta juu udongo wa chini usioota kitu. Kazi ilikuwa kubwa, mavuno yalishuka, na hakuna aliyewauliza. Kukataa kwao ilikuwa tahakiki ya mpango, iliyotolewa na watu ambao hawakupewa karatasi ya kuiandikia.

Naijua hatari ya ulinganisho huu, kwa hiyo niuwekee mpaka. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Aliyeukana mmomonyoko kwa sababu alimchukia bwana shamba bado alipoteza shamba. Vivyo hivyo ugonjwa wangu ni wa kweli, na unaua. Sitafuti shujaa anayetupa vidonge mtoni huku ngoma zikilia. Ninachosema ni kwamba kukataa, na hata kule kusitasita kwa anayemeza, ni maandishi yanayosomeka. Fasihi ndiyo taaluma ya kuyasoma. Hospitali ina dakika chache na foleni. Riwaya ina kurasa mia tatu.

Nitoe mfano wa kusitasita kunakostahili kusomwa, kwa kuwa ndio unaoniweka macho.

Daktari mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliwahi kuniandikia valproeti. Nilikuwa na miaka 24. Hakuniuliza kama nataka mtoto, wala hakuniambia kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo na ubongo, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa wanawake wanaoweza kushika mimba. Niliyajua hayo kwa mfamasia, miezi mingi baadaye, alipoutazama umri wangu kwenye cheti na kuinua kichwa. Bibi yangu alikuwa ameshaniambia mapema zaidi, bila kusoma popote. Alikuwa ameona nimenenepa ghafla, nywele zinakatika, hedhi imevurugika. Akasema: "Mjukuu wangu, hiyo dawa inakula ukoo."

Mtu wa mjini angesikia ushirikina. Mimi nilisikia uchunguzi wa kitabibu katika lugha ya lukolo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kaka zangu watazaa, lakini watoto wao watahesabiwa kwa mama zao. Katika nyumba yetu binti ni mimi peke yangu. Nisipozaa, jina la tumbo la bibi yangu linakoma. Hata jina la kijiji linanikumbusha: matombo, kwa Kiluguru, ni matiti, na wazee husema ni kwa sababu ya umbo la vilima. Ninaishi chini ya vilima hivyo na kipakiti cha dawa kinachoniuliza swali la matiti kila usiku.

Nilibadilishiwa, nikapewa kabamazepini. Nayo ina hatari yake kwa mtoto, ndogo kuliko ile lakini ipo, kwa hiyo nameza foliki asidi. Pia inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo hata kupanga lini nisizae kunahitaji hesabu nyingine. Kila kidonge ninachomeza ni kura ninayopiga kuhusu mtoto ambaye hayupo. Jamison naye anasimulia daktari aliyemwambia asizae kwa sababu ya ugonjwa wake, na ghadhabu iliyomshika. Kurasa hizo ni fupi kitabuni mwake. Kwangu hizo ndizo kitabu. Tofauti ni kwamba yeye aliambiwa hivyo kama mtu mmoja. Mimi nikiambiwa, wanaambiwa mama, bibi, mjomba na wale waliolala chini ya migomba.

Kuna kazi ya Kiafrika ambayo wasomaji wa jarida hili watanidai, nayo ni *A Question of Power* (1973) ya Bessie Head. Elizabeth, mkimbizi kutoka Afrika Kusini aliyehamia kijiji cha Motabeng huko Botswana, anapasuliwa na maono ya kutisha, analazwa, na polepole anarudishwa na bustani: miche, majirani, kazi ya pamoja ya mikono. Ni riwaya kubwa, na ni ya kwetu zaidi kuliko ya Jamison kwa kuwa inajua udongo. Lakini nina shaka na bustani hiyo. Inavutia mno. Msomaji akifunga kitabu anabaki na harufu ya mimea, na hospitali inabaki nyuma kama jengo baya barabarani. Tanzania nayo iliwahi kuliamini jembe: tulikuwa na vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na hospitali ya Lutindi kule Usambara imewahi kuwa mashuhuri kwa kuwapa wagonjwa kazi za mikono. Sikejeli. Kazi inatibu. Ila jembe na kidonge huwa mwilini mwa mtu mmoja, tena hugombana.

Kwetu zao la fedha ni karafuu, na karafuu huchumwa kwa kupanda mti. Kabamazepini huleta kizunguzungu, na kwa wengine kuona kitu kimoja viwili. Tangu nianze kuitumia sipandi. Msimu ukifika wenzangu wako juu wanaimba na kutaniana, mimi niko chini natandaza mkeka, nachambua vikonyo, nalipwa cha wa chini. Lithiamu ingekuwa na taabu nyingine: inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mtu akipoteza maji na chumvi mwilini inaweza kugeuka sumu. Mwambie hayo anayepandisha mkungu wa ndizi mlimani saa saba mchana. Riwaya ya bustani haitoshi. Tunahitaji riwaya ya mtu anayesimama chini ya mkarafuu kwa sababu ya dawa iliyomwezesha kusimama.

Nisije nikaonekana nasema hakuna kilichofanyika. Miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilichaguliwa kujaribia mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ili matibabu yatoke Mirembe kule Dodoma na kufika kwenye vituo vya karibu na watu. Kama leo mtu wa Matombo anaweza kufikiria kupata kidonge bila kuvuka nchi, sehemu ya sababu ni hiyo. Wala sauti hazikosi. Mkenya Sitawa Wafula amekuwa akizungumza hadharani kuhusu kuishi na kifafa pamoja na bipola, na mwaka 2017 alisimama kwenye jukwaa la TEDGlobal mjini Arusha kueleza kwa nini hanyamazi. Nilimtazama mara kadhaa. Alizungumza kwa Kiingereza, jukwaa lilikuwa hivyo, na mama yangu alikaa pembeni akiuliza amesema nini. Kutafsiri ilikuwa kazi yangu, na ndipo nilipogundua ni maneno mangapi sina.

Hilo linanirudisha kwenye hu-. Nimeilalamikia kana kwamba ni ukuta, na kwa riwaya ya visa pengine ni ukuta. Lakini kuna aina za uandishi zinazoishi kwa marudio: shajara, barua, daftari la mkulima la mvua na mavuno, na hii tunayoiita hapa insha ya kweli. Aina hizi haziogopi siku inayofanana na jana. Zinaweza kuandika usiku wa mia tatu kwa sababu haziahidi kupona. Nadhani kidonge kitapata maandishi yake hapa kabla ya kukipata kwenye riwaya. Nadhani pia kitenzi chetu, ndugu wa kufubaza, hakitatungwa kwenye warsha ya istilahi. Kitatoka kwa mtu aliyechoka kusema "natulizwa" akaanza kusema kitu kingine, na mwingine akamwiga.

Wanaoandika, basi, waanze na yale ambayo maandishi yameyaruka. Waandike kiu. Waandike bei ya nauli ya kwenda kuchukua dawa na ile siku unapoambiwa haipo, uje wiki ijayo. Waandike maneno yanayochelewa, mwanamume anayekuchumbia na lini umwonyeshe kipakiti, mjomba, bibi, foliki asidi. Waandike pia siku ambazo hakikutokea kitu, maana hizo ndizo tunazozilipia.

Na waandike jibu la swali la mama. Mimi humezea ndizi za kuchemsha, zilizopikwa kwa chumvi na kitunguu tu, baada ya taarifa ya habari ya usiku. Zikikosekana, uji.